Viwavi wa Ng'ambo ya Uzio

Msafiri akiumwa na kitu kitandani katika nyumba ya wageni, jambo la kwanza ni kumlaani mwenye nyumba. Atapindua godoro, atakung'uta shuka, atamgombeza mhudumu mpaka sauti imkauke. Mara nyingi chawa huyo alikuja naye mwenyewe, amejificha kwenye mshono wa shati lake, na kesho ataondoka naye vilevile akiendelea kuisema vibaya nyumba ya watu. Waliotuachia methali hawakusema kwamba kikulacho ki kwa jirani. Walisema ki nguoni mwako, yaani mahali ambapo mtu hapatazami kwa sababu anapaamini. Hivyo ndivyo ilivyomtokea Mama Bomba, na miti ya mtu mwingine ikakaribia kuisha kwa ajili hiyo.

Mama Bomba alikuwa mkulima wa matufaha. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa kuwa bomba la kunyunyizia dawa halikumtoka mgongoni. Walimtania kwamba hata harusini angekwenda nalo, mradi mlango uwe mpana. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viganja vilivyopasuka kama gome la mti, na kazi kwake ilikuwa kama pumzi. Jua lilipochomoza lilimkuta shambani. Lilipozama lilimwacha hapohapo.

Mumewe alipofariki alimwachia nusu ya shamba, stoo iliyojaa masanduku ya mbao aliyoyagonga misumari kwa mkono wake, na dawa ya chupa yenye kizibo chekundu. "Dawa ni hii," marehemu alizoea kusema akiigonga chupa kwa ukucha. "Hizo nyingine ni maji ya kunawia." Wala hakuwa mwongo. Mwaka wa kwanza walipoipiga, viwavi walianguka kutoka mitini kama mvua ya mchele, na mume na mke walisimama chini wakicheka kama watoto. Tangu siku hiyo Mama Bomba hakununua dawa nyingine. Kubadili kizibo chekundu kwake kulikuwa kama kubadili neno la marehemu.

Lakini miaka ilivyosonga, mvua ile ikawa manyunyu, na manyunyu yakakauka. Kiwavi wa tufaha ni mjanja. Nondo hutaga yai juu ya tunda changa, mtoto hutoboa tundu dogo kama la sindano, akaingia ndani mpaka kwenye mbegu, akakaa humo anakula huku nje tunda linang'aa mashavu mekundu. Unalinunua kwa macho, unalitema kwa ulimi. Mama Bomba alipoona matundu yanazidi, naye alizidisha. Aliyepiga dawa mara moja akapiga mara mbili. Aliyejaza kizibo kimoja akajaza viwili.

Msimu mmoja lori la mnunuzi lilifika kwenye ghala la ushirika wa wakulima. Mkaguzi akachomoa tunda kutoka boksi la Mama Bomba, akalipasua kwa kisu, na kiwavi akanyanyua kichwa kama mtu aliyefunguliwa mlango bila hodi. Mzigo wote ukarudishwa. Mwenyekiti wa ushirika, mtu mnene aliyependa kusema pole pole ili asikilizwe, alimvuta kando.

"Mama, sikufukuzi. Lakini wanatupima sote kwa boksi lako. Wakirudisha tena, ghala hili halitapokea tunda lako hata moja."

"Hawatarudisha," alisema Mama Bomba.

"Nasema tu kwamba—"

"Na mimi nasema hawatarudisha."

Akajifunga kibwebwe. Msimu uliofuata alilishambulia shamba lake kama jeshi, safu kwa safu, kutoka shina mpaka kilele. Mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa akifanya kazi mbali, alimwekea chakula kikapoa, akakipasha, kikapoa tena. Pamoja na yote hayo, matufaha yalipoanza kunenepa, matundu yalikuwapo. Ndipo Mama Bomba akaacha kutazama miti yake na kuanza kutazama ng'ambo ya uzio.

Ng'ambo ya uzio alikaa shemeji yake, kaka wa marehemu. Watu walimwita Taratibu. Baba wa ndugu hao wawili alipanda shamba moja, na walipogawana wakapitisha uzio wa waya katikati. Nusu ya Taratibu ilikuwa aibu ya mtaa mzima. Nyasi zilifika magotini, matawi yalichanganyikana kama nywele za mtu aliyetoka kitandani, na bomba la dawa halikuwa limepita humo tangu lile la kwanza livuje na kumwunguza mgongo. Mgongo huo ulikuwa umepona siku nyingi, lakini yeye aliutunza ugonjwa wake kama mtu anavyotunza cheti. Mchana alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akimenya matufaha yake mabovu kwa kisu kidogo. "Mimi na kiwavi hatugombani," alikuwa akisema. "Yeye hula katikati, mimi pembeni."

Asubuhi moja Mama Bomba alisimama uzioni na bomba lake mgongoni.

"Shemeji!"

"Naam, shemeji. Umeamkaje?"

"Nimeamkia viwavi wako. Wamejaa kwangu."

Taratibu akatafuna kwanza, akameza. "Wangu? Una hakika? Wameacha vitambulisho?"

"Cheka tu. Hii miti yako ni hoteli. Wanalala kwako, wanakuja kula kwangu."

"Basi wana akili. Jikoni kwangu hamna cha maana."

"Shemeji." Mama Bomba akashika waya wa uzio kwa mikono miwili. "Nakuheshimu. Wewe ndiye uliyetangulia mbele ya jeneza la mume wangu. Lakini lori likirudisha mzigo wangu tena, mimi nimekwisha. Ama upige dawa, ama nikupeleke kwenye ushirika."

Taratibu akaacha kutafuna. "Miti hii alipanda baba yetu."

"Na hii yangu pia alipanda yeye. Sitaki nusu hii ife kwa ajili ya nusu hiyo."

"Mgongo wangu, shemeji—"

"Mgongo wako una umri mrefu kuliko sisi sote!" akasema, akageuka, bomba likimpiga kiunoni kwa kila hatua.

Alifanya kama alivyosema. Kesi ikapelekwa kwenye ushirika, na ushirika ukamwita Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lile, mwanamke kijana aliyefika kwa pikipiki na buti zilizokauka matope ya mashamba ya watu wengine. Hakusema mengi. Alizunguka pande zote mbili za uzio, akapasua matunda, akanusa chupa ya kizibo chekundu, akauliza inatumiwa tangu lini. Kisha akachukua maboksi makuukuu, akayakata vipande virefu, akavifunga kuzunguka mashina ya mitufaha, huku na kule.

"Mwanangu, unaivalisha skafu?" aliuliza Mama Bomba.

"Kiwavi akishiba, mama, hushuka kutafuta mwanya wa kujifungia apitishe baridi. Akiona karatasi hii atadhani ni gome. Ataingia mwenyewe."

"Ukishamshika?"

"Nitamwuliza maswali."

Mama Bomba akaguna. Hakupenda utani katika mambo ya viwavi.

Mavuno ya kwanza yalipokaribia, wanachama walikutana ghalani, wamekaa juu ya maboksi matupu kuizunguka meza ndefu ya kuchambulia matunda. Kanuni yao ilikuwa wazi: mti ulioachwa bila matunzo mpaka ukawadhuru majirani, hukatwa ukachomwa. Mama Bomba alieleza shauri lake kwa maneno machache, na kila neno lilikuwa na uzito wa miaka yake ya kazi. Nani hakuijua bidii yake? Nani hakuujua uvivu wa Taratibu? Mikono ikanyanyuka. Mwenyekiti akamgeukia mshtakiwa.

"Una la kusema?"

Taratibu alikuwa akitazama vidole vyake. "Kateni. Mimi mgongo unauma, sitaweza kuwasaidia."

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Kabla hamjakata, tazameni hapa," alisema Bibi Shamba. Akapanga mezani mitungi minne ya kioo iliyofungwa vitambaa vyepesi midomoni. Akaeleza kwamba siku mbili kabla ya mkutano aliwatoa viwavi kwenye zile karatasi za mashina. Wa kwa Taratibu aliwagawa mitungi miwili, wa kwa Mama Bomba mitungi miwili. Kila upande, mtungi mmoja aliutia karatasi iliyoloweshwa maji matupu, mwingine karatasi iliyoloweshwa dawa ya kizibo chekundu kwa kipimo cha kwenye lebo. Viwavi wa maji walikuwa wazima wote, ili mtu asije akasema walikufa kwa safari.

Akaumimina mtungi wa dawa wa Taratibu. Viwavi wakadondoka mezani kama nyuzi zilizokatwa, weusi, wamelegea.

Akaumimina wa Mama Bomba. Wakajinyoosha, wakaanza kutembea. Mmoja alishika njia moja kwa moja kuelekea kikombe cha chai cha mwenyekiti, na mwenyekiti, ambaye hakuwahi kuonekana akiharakisha jambo, alikinyakua kikombe upesi ajabu.

Minong'ono ikaenea. Mama Bomba akasimama, uso umemshuka.

"Umechanganya mitungi."

"Sikuchanganya, mama."

"Basi umekosea kipimo. Kiwavi aliyekula miti inayopigwa dawa kila mara ndiye angekufa kwanza! Yule wa porini ndiye angekuwa na nguvu. Hata akili haikubali."

"Rudia mwenyewe," alisema Bibi Shamba bila hasira, akamsogezea kikopo. "Viwavi waliobaki hawa hapa, wa pande zote mbili, kila kundi limefungwa kwenye karatasi yenye jina la mwenye shamba. Tumia chupa yako, jiko lako, mikono yako. Usiniamini mimi."

Mwenyekiti akakohoa. Hakupenda kura ipigwe halafu isubiri wadudu. "Uamuzi umepita. Misumeno itakwenda kwa Taratibu keshokutwa asubuhi. Aliyeshtaki ni Mama Bomba; akiona vinginevyo, yeye ndiye atakayefuta mashtaka. Asipofuta, tunakata."

Mama Bomba akakichukua kikopo kama mtu anayechukua changamoto ya mieleka.

Nyumbani alisafisha mitungi ya achari, akaianika, akaipanga kwenye kibao cha dirisha la jikoni. Mkwe wake alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama, viwavi karibu na sukari?"

"Sukari ina kifuniko. Na wao wana kifuniko. Hawatakutana."

Akaipima dawa kama lebo ilivyosema, macho karibu yaguse kikombe. Kwa viwavi wa shemeji aliishia kwenye mstari. Kwa wa kwake aliongeza kidogo, kama mpishi asiyeiamini chumvi yake. Siku ile na iliyofuata hakuigusa mitungi wala hakuruhusu iguswe. Alipita jikoni akitazama upande mwingine, lakini masikio yake yalikuwa dirishani, utadhani viwavi wangemwita.

Asubuhi ya misumeno aliteremsha mitungi mezani, akafungua vitambaa. Mkwe akainama kando yake.

Viwavi wa Taratibu walikuwa wamekufa. Hapakuwa na wa kubishania. Wa kwake walikuwa hai, na si hai tu. Juu ya karatasi ileile iliyolowa dawa ya marehemu, wengine walikuwa wameanza kujisokotea nyuzi nyeupe, kila mmoja akijijengea kijumba chake.

"Mama," alisema mkwe kwa upole, "hawa hawajaja kutembea. Hawa wamehamia."

Mama Bomba akakaa. Alikuwa mtu wa kazi, si wa mafumbo, na fumbo hili alilifungua kama anavyofungua fundo la kamba, kwa kuvuta uzi mmoja mmoja. Kama viwavi wa kwake wangekuwa wametoka kwa shemeji, wangekufa kama wa shemeji. Hawakufa. Basi hawakutoka kwa shemeji. Kama hawakutoka kwa shemeji—

Ng'ambo ya uzio misumeno ya mashine, iliyoanza tangu alfajiri, ikanguruma tena.

Alitoka na mtungi mkononi, kandambili miguuni, na kwa mara ya kwanza katika msimu mzima hakuwa na bomba mgongoni. Mkwe alimwita, hakusikia. Alipita chini ya waya wa uzio, gauni likachanika, akaendelea. Miti kadhaa ilikuwa imelala. Mwingine ulianguka mbele ya macho yake, na matufaha yakabingirika kwenye nyasi mpaka miguuni pake. Katika safu ile ya uzioni, mingi ilikuwa chini tayari. Taratibu alikuwa juu ya ndoo yake, ameipa miti mgongo, ameutazama ukuta wa nyumba.

"Simamisheni!"

Mashine zilikuwa na sauti kumshinda. Akaenda akasimama mbele ya mti uliofuata, mgongo shinani, mtungi kifuani. Mwenye msumeno akazima.

"Mama, vipi?" Mwenyekiti alikuja akipangusa jasho. "Si ni wewe uliyeshtaki?"

"Ni mimi niliyeshtaki, na ni mimi ninayefuta. Mshtakiwa wangu si huyu."

"Mbele ya watu wote ulisema—"

"Nilisema. Na mbele ya watu wote nitasema tena kwamba nilikosea. Ondoa msumeno, mwenyekiti. Au anzia na mimi, maana mimi mfupi, hutachukua muda."

Mwenyekiti akamtazama, akautazama mtungi, akakumbuka kikombe chake cha chai. Akapunga mkono, watu wakaanza kufungasha.

Mama Bomba akamwendea shemeji yake. Alisimama kando ya ndoo, gauni limechanika, akatazama ukuta uleule aliokuwa akiutazama yeye.

Taratibu ndiye aliyeanza. "Shemeji," alisema, "umesahau bomba lako."

"Nisamehe, shemeji."

"Mingapi imelala?"

"Karibu safu nzima ya uzioni."

Akatikisa kichwa kwa muda. "Hiyo safu, baba alinichapa kwa kuikanyaga miche yake. Nilikuwa mtoto." Kisha akainuka, bila kushika mgongo, wakaenda pamoja kuokota matunda yaliyomwagika.

Mchana wa siku hiyo Bibi Shamba alikuja, wakakaa wanne katika jiko la Mama Bomba, mitungi ikiwa katikati ya meza.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema Mama Bomba. "Nimechoka kuwa mjuzi."

"Katika viwavi wengi, mama, kuna wachache ambao dawa fulani haiwapati. Wamezaliwa hivyo. Ukiipiga, wanyonge wanakufa, hao wachache wanabaki. Wanaoana wenyewe kwa wenyewe, wanazaa wa aina yao. Mwaka unaofuata unapiga ileile. Wanyonge wachache waliobaki wanakufa, sugu wanazidi. Ukiongeza kipimo, unawachuja zaidi. Huo ndio usugu. Dawa haikuchakaa. Wadudu ndio waliobadilika."

"Yaani miaka yote nimekuwa nikiwafuga."

"Umekuwa ukiwachagua. Kama mtu anavyochagua mbegu bora."

"Kwa bidii," aliongeza Taratibu.

"Shemeji, nyamaza kidogo."

"Na nondo wa mzee huyu," Bibi Shamba aliendelea, "hawajawahi kuonja dawa. Wakivuka uzio wakaoana na wako, uzao wao huwa laini zaidi. Mngekata miti yake yote, sugu wako wangebaki peke yao, bila wa kuwachanganya."

Taratibu akajinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyevishwa nishani. "Kwa hiyo uvivu wangu ni dawa."

"Si dawa, mzee, ni bahati tu. Na matunda yako bado hayaliki."

Mkwe akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Hata Mama Bomba alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa bado kazini.

"Nimeelewa kwa nini hawafi. Sijaelewa kwa nini ni wengi hivi. Baridi ya hapa inaua. Miti yangu ni misafi, nyasi nazifyeka. Wanalala wapi?"

"Matunda yenye tundu," aliuliza Bibi Shamba, "huwa unayapeleka wapi?"

"Kwangu hakitupwi kitu. Nayaweka kwenye masanduku ya marehemu, kule stoo, ng'ombe wanakula kidogo kidogo mpaka yaishe." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kama mtu anavyotaja sifa ya nyumba yake. Kisha sentensi ikamrudia masikioni.

Mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nilikwambia. Jua likianza kukolea, mle stoo huruka vitu vidogo vya kijivu. Ukaniambia ni vipepeo."

Stoo ilisimama hatua chache kutoka safu ya kwanza ya mitufaha, dirisha lake halina kioo. Ndani mlikuwa na harufu tamu ya matufaha yanayochacha. Masanduku yalipangwa mpaka darini, mbao zimesuguliwa laini, kila kona imekazwa kwa misumari iliyolala sawasawa. Marehemu alikuwa fundi. Mama Bomba alitwaa kisu, akakipenyeza mahali ambapo ubao hukutana na ubao, akabandua.

Walikuwa wamejipanga mle ndani kama punje za mchele kwenye mshono wa nguo, kila mmoja ndani ya kifuko chake cheupe. Akabandua ubao mwingine. Akabandua wa sanduku la pili, na la tatu. Hapakuwa na mwanya uliokuwa mtupu. Viwavi walioshinda dawa mtini walikuwa wamebebwa kwa heshima ndani ya matunda yao, wakaletwa kwenye nyumba kavu isiyo na baridi, wakalala mpaka majira ya maua, wakatoka dirishani wakiwa nondo, na mti wa kwanza ulikuwa mlangoni.

"Wanyonge nimewaua," alisema Mama Bomba, "wababe nimewapa nyumba."

Alikipitisha kiganja chake juu ya ubao, pale ambapo bado ilionekana alama ya penseli ya mumewe, mstari wa kupimia msumeno. Chupa ilikuwa ya marehemu, masanduku yalikuwa ya marehemu. Katika vyote alivyoachiwa, hivyo viwili ndivyo alivyovipenda zaidi, na hivyo viwili ndivyo ambavyo hakuwahi kuvitilia shaka hata siku moja.

"Tunaweza kuchemsha maji, mama, tukayamwagia masanduku," alisema mkwe kwa huruma.

"Mpaka ndani ya kila mwanya? Hapana." Akavuta pumzi, akainua sanduku la kwanza begani. "Marehemu hakutengeneza haya ili yamle mkewe. Yatoke yote."

Waliyatoa wote wanne, hata mwenye mgongo wake. Moto uliwaka uwanjani mpaka kuta za stoo zikawa nyekundu, na Mama Bomba hakuondoka karibu nao mpaka jivu lilipolala. Ubao mmoja tu aliubakiza, ule wenye alama ya penseli, baada ya kuukwangua kila upande na kuuchemsha kwenye sufuria. Aliupigilia juu ya mlango wa jiko.

Mavuno ya msimu ule aliyachambua tunda kwa tunda, na nusu nzima hakuipeleka ghalani. "Boksi bovu halitatoka kwangu," alisema, na halikutoka. Matunda yenye tundu aliyazamisha kwenye pipa la maji lenye kifuniko. Majira ya baridi yalipokuja na miti ikabaki uchi, alikwangua magome makavu yote na kuyachoma, akafunga zile skafu za maboksi na kuzifungua kwa zamu, kila skafu ikiwa na wafungwa wake. Chupa ya kizibo chekundu aliiweka kabatini ipumzike. Alipotumia dawa, ilikuwa ya aina tofauti kabisa, aliyoelekezwa na Bibi Shamba, wakati nondo wanaporuka tu, na mwaka haukupita bila kubadilisha tena. Ng'ambo ya uzio alipogoa miti ya shemeji yake bila kuinyunyizia kitu, na pamoja naye akapanda miche mipya katika safu iliyokatwa. Taratibu alilikanyagia udongo kila shina kwa mguu wake. Kazi ya kuokota matunda yaliyoanguka pande zote mbili alipewa yeye, na alilalamika kila siku, na kila siku aliifanya.

Msimu uliofuata lori lilikuja. Mkaguzi alilijua jina la kwenye boksi, akachagua tunda kutoka chini kabisa, akalipasua. Jeupe. Akapasua jingine, jeupe. Akachimba mpaka kona, akapasua, akaliangalia pande zote, mwishowe akalila. Mama Bomba alisimama wima kama mlingoti mpaka lori lilipopinda kona, ndipo akakaa juu ya boksi la mtu mwingine.

Bibi Shamba alirudia mitungi yake mwaka ule. Katika viwavi wa Mama Bomba, baadhi walikufa kwa kizibo chekundu, na wengi bado walitembea.

"Bado, mama. Itachukua miaka."

"Bado," alikubali Mama Bomba. "Mimi pia bado nipo."

Alikuwa akiyasema hayo ghalani wakati mwenyekiti alipofika, na mara hii hakusema pole pole. Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mkaguzi alikuwa amemrudishia maboksi.

"Mama Bomba! Viwavi wako wanavuka barabara wanakuja kwangu! Nitaitisha mkutano!"

Watu wakageuka kutazama. Mama Bomba aliinuka bila haraka, akajipangusa mikono kwenye gauni, akachukua kisu chake mezani.

"Itisha, mwenyekiti, nitakuja. Lakini kabla hujatafuta msumeno, nipeleke kwanza stoo kwako, tukabandue ubao mmoja."

Mwenyekiti akatangulia njia, kwa maana alijua kama walivyojua wote mle ghalani kuwa kikulacho ki nguoni mwako.